Popular Science wamelichinja kwa kisu butu, na mimi sijasamehe

Wakuu, hili nimelibeba moyoni tangu Novemba 2023 na leo lazima nilitapike. Popular Science, jarida la sayansi la Marekani lililozaliwa Mei 1872, likavuka vita kuu mbili za dunia, limekufa likiwa na miaka 151. Tovuti ipo, jina lipo, jarida hakuna.

Na halikufa siku moja. Mwaka 2016 likaacha kutoka kila mwezi, likawa la matoleo sita kwa mwaka. 2018 yakawa manne. 2021 karatasi ikaondoka, tukabaki na toleo la kusomea kwenye kioo. Kisha hilo nalo likafutwa na wafanyakazi wakapoteza ajira. Sita unajiambia si haba. Manne, bado yanasomeka. Kwenye simu, angalau lipo. Unavumilia, unavumilia, mpaka siku unageuka hakuna kitu, na hata hujui ulipaswa kupiga kelele lini.

Najua atatokea mtu aseme "si usome tovuti, bure kabisa". Hapana! Kwenye tovuti nasoma nilichokitafuta. Jarida nililifungua kwa ajili ya injini nikajikuta nimezama kwenye viumbe wa kina cha bahari, kwa sababu kuna mhariri alikaa akaamua vitu hivi viwili vilale jirani. Na ile michoro ya mashine iliyopasuliwa ikaonyeshwa matumbo, kurasa mbili nzima! Unalala nayo sakafuni, unafuata kwa kidole kutoka pistoni hadi gurudumu. Kwenye simu unavuta picha ikue, pistoni unaiona, gurudumu limeshatoka nje ya kioo. Sasa hapo umeelewa nini?

Mwanzilishi wake, Edward Youmans, aliteswa na macho tangu utotoni, kuna vipindi hakuona kabisa, dada yake Eliza akawa anamsomea. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeanzisha jarida ili msomaji wa kawaida aifikie sayansi. Mwanafalsafa Charles Peirce alichapisha humo mfululizo wa makala mwaka 1877 na 1878 kuhusu namna mtu anavyofikia kuamini jambo. Humo humo, kuanzia 1925, kulikuwa na hadithi ya fundi wa gereji anayetegua ubovu wa magari. Mwanafalsafa na fundi spana, jina moja juu ya jalada!

Msinitajie 1915. Ndiyo, jina liliuzwa, makala za wasomi zikahamia jarida jingine, hili likageuka la picha na karakana. Lakini kilichobaki kilikuwa jarida, na msomaji alipata kitu mkononi.

Kwamba pesa za matangazo zimehamia intaneti naelewa, sikatai. Lakini Scientific American ni la 1845, na Popular Mechanics la 1902, na yote mawili yaliendelea kuchapishwa wakati hili linazikwa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Sema hamkutaka.

Swali langu kwa wamiliki ni moja tu: jina mnalishikilia la nini? Kama jarida hamlitaki, liuzeni kwa mtu atakayelichapisha, hata mara mbili kwa mwaka. Nitalipa.