Ushauri: Picha ya kichwa cha mzee imetoka na madoa. Hii ni sonona kweli?

Mtoto_wa_Tatu
Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo, matusi niwekeeni akiba.

Baba yangu ana miaka 74. Tangu mwaka jana amepoa. Hasemi anaumwa wala hasemi ana huzuni. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine kaishika mkononi. Ukirudi baada ya nusu saa, soksi iko palepale mkononi. Huyu ni mtu aliyekuwa akibishana na redio wakati wa taarifa ya habari. Siku hizi redio inaongea peke yake.

Daktari alimuuliza maswali 15 ya ndiyo na hapana, akasema ni sonona. Sikuridhika. Nikashinikiza apigwe picha ya kichwa. Majibu: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovilia, ila kuna madoa meupe ya mishipa midogo. Swali langu: hayo madoa ndiyo ugonjwa wenyewe? Na nikimpeleka MRI nyingine yenye nguvu zaidi, itatoa jibu la uhakika?

Kipepe
Mimi wakinipiga picha ya ubongo watakuta madeni tu, tena yamepangwa kwa tarehe.

Mzee_wa_Kigoda
Vijana mna haraka ya mashine. Mzee hataki picha, anataka mtu wa kukaa naye. Lini mara ya mwisho ulikaa na baba yako bila simu mkononi? Jibu hilo kwanza, ubongo utafuata.

Bi_Mkubwa
Mzee wa Kigoda, usimzodoe. Picha ina kazi yake. Mama mkwe wangu aligonga kichwa kwenye mlango wa kabati, kidogo tu, hata barafu hatukumwekea. Wiki tano baadaye akawa mtu wa kulala na kununa, sisi tunasema ni majonzi ya kufiwa na mumewe. Mpaka alipoanza kuburuta mguu ndipo akapigwa picha, kumbe damu ilikuwa ikivuja taratibu na kuukandamiza ubongo. Wakatoboa, wakaitoa. Siku ya tatu aliniuliza nani kahamisha viti vyake, nikajua karudi. Mleta mada, mzee hakuanguka? Na anatumia dawa gani?

Mtoto_wa_Tatu
Hakuanguka. Dawa anatumia za presha za siku zote. Turudi kwenye madoa tafadhali.

Chumba_cha_Giza
Nafanya kazi kwenye mashine hizi, nitajibu la madoa. Wazee wengi sana wanayo, hata wanaocheka kutwa nzima. Presha, kisukari na sigara huyaongeza. Yakiwa mengi, hudhoofisha njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani, na hiyo ya mbele ndiyo ya kupanga na kuanzisha jambo. Mtu anajua soksi inavaliwa vipi, ila hapati pa kuanzia. Mwaka 1997 mtafiti Alexopoulos na wenzake walipendekeza kuwa baadhi ya sonona za uzeeni zinatokana na mishipa ya namna hii, na wenye hali hiyo mara nyingi huchelewa kupata nafuu kwa dawa.

Lakini hayo yalionekana kwa kulinganisha makundi ya watu. Hata kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, huonekana hivyo hivyo. Ukinipa picha moja ya mtu mmoja siwezi kukuambia kama ana sonona, na hakuna mashine ya kusema hivyo. Picha inaondoa mengine: uvimbe, damu, maji kujaa kichwani. Sonona inatambuliwa kwa kumuuliza mtu na kumchunguza.

Bi_Mkubwa
Mleta mada, nimeuliza dawa umenipa za presha. Mtu kaambiwa ana sonona, hakuandikiwa kitu?

Mtoto_wa_Tatu
Aliandikiwa setralini.

Bi_Mkubwa
Anaimeza?

Mtoto_wa_Tatu
Alimeza siku tisa. Nikaisimamisha.

Kabla hamjanirukia: kichefuchefu kilimsumbua, na majibu ya picha yalikuwa yametoka. Kama tatizo ni mishipa, ya nini kumjazia mzee dawa za akili? Dada yangu kanuna, anasema nimejifanya daktari. Lakini mimi ndiye niliyemwona baba akitapika. MRI nimeshapanga, ni Jumatatu, na pesa nimeshalipa. Tangu awekewe ile betri ya moyo amekuwa hapendi mahospitali, kwa hiyo nataka twende mara moja tu, jibu kamili, yaishe.

Kipepe
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta sahihi.

Mzee_wa_Kigoda
Siku tisa! Dawa hizi hupewa wiki nne mpaka sita ndipo zionekane kama zinafanya kazi, na kwa wazee zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kuzimeza. Kichefuchefu kilinishika wiki mbili za mwanzo kisha kikaondoka chenyewe. Sikuwahi kumwambia mtu, basi leo nimesema.

Darubini
Ngojeni wakuu. Mnanyweshwa chai hapa. Post ya kwanza anasema "MRI nyingine", maana yake ya kwanza ilikuwa MRI. Sasa anasema mzee ana betri ya moyo. Tangu lini mtu mwenye betri ya moyo anaingizwa kwenye sumaku kama ile bila kuulizwa chochote? Hadithi imetungwa, na mtunzi kasahau alipoanzia.

Kipepe
Chai ya moto, na Bi Mkubwa kashamaliza vikombe viwili.

Mtoto_wa_Tatu
Natunga nini? Nitunge baba anayetapika? Subirini niitafute karatasi.

Mtoto_wa_Tatu
Karatasi ninayo. Juu imeandikwa CT. Nilidhani ni kitu kimoja. Maneno yenyewe: "mabadiliko ya mishipa midogo, yanayolingana na umri." Hilo la madoa meupe nililisoma mtandaoni baadaye, nikaliona linafanana.

Chumba_cha_Giza
Sasa imeeleweka. Kwenye CT, ambayo ni picha ya eksirei, sehemu hizo huonekana nyeusinyeusi. Meupe ni ya MRI. Nilipaswa kushtuka mapema.

Mleta mada, acha yote usome hapa. Ulipopanga ya Jumatatu, uliwaambia kuhusu betri ya moyo?

Mtoto_wa_Tatu
Hawakuuliza. Mimi nilidhani watu wa picha wanaiona wenyewe.

Chumba_cha_Giza
Wapigie leo, usingoje wamuulize mlangoni. Ziko betri zilizotengenezwa kuvumilia MRI, na hata hizo hubadilishwa mpangilio kwanza, mtu anafuatiliwa muda wote akiwa ndani. Nyingine sumaku huvuruga kazi yake, na nyaya zinazoingia moyoni zinaweza kupata joto. Alipowekewa alipewa kadi yenye aina na namba ya kifaa. Itafuteni. CT haina sumaku, ndiyo maana ile ilipita salama.

Na aliyeandika setralini ajue kwamba imesimamishwa. Usiirudishe mwenyewe kama ulivyoitoa mwenyewe. Mwombe apime na sodiamu kwenye damu, maana kwa wazee dawa hizi huweza kuishusha, na kichefuchefu ni mojawapo ya dalili. Tezi ya shingo na vitamini B12 pia, kama hazijapimwa.

Darubini
Sawa, chai naimwaga. Ila swali: kwa nini unaing'ang'ania picha hivi?

Mtoto_wa_Tatu
Kwa sababu ikiwa ni mishipa, basi si sisi. Mama alipofariki tulimhamisha baba kutoka kwenye nyumba yake ndani ya wiki mbili. Hakuna aliyemuuliza.

Na mwezi uliopita alimpa mwanangu saa yake ya mkononi. Akasema haihitaji tena.

Bi_Mkubwa
Mwanangu, hilo la saa ndilo ulilopaswa kulianza. Leo hii, kabla hajalala, muulize waziwazi kama anawaza kufa au kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Na vidonge vyote, vya presha na hivyo vingine, viondoke chumbani kwake. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na msingoje kupambazuke kumtafuta daktari.

Mtoto_wa_Tatu
Nimerudi. Jumatatu imeahirishwa mpaka waione kadi. Kadi ilikuwa kwenye pochi yake, nyuma ya picha ya mama.

Nimemuuliza, kwa maneno yale yale ya Bi Mkubwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani hamtauliza." Nikamuuliza tena, akaitikia kwa kichwa. Daktari nimempigia, anatusubiri usiku huu huu. Vidonge anavyo dada. Yuko naye chumbani sasa hivi, anamvalisha soksi.