JAMAA YA KOKO MWALIMU – BAGIRA 🏠

ALHAMISI

18:04 Shangazi Faida: Jambo jamaa. Hii ujumbe isomwe na bote, na mwenye hana neno aandike ata "sawa". Siku ya posho (Jumamosi) Mapendo iko na mahojiano ya kazi na bale ba Kinshasa, kwa video, mu mashini yake, ile kompyuta. 10h00. Tuko na siku moja na nusu ya kupanga koneksyo.

18:06 Shangazi Faida: Mupango njo huu. Mu parsele muzima, simu ya Papa Amani njo inashikaka 4G muzuri. Atafungua hotspoti (wifi ya simu yake), mashini ya Mapendo itaingia pale. Kila nyumba itoe franka 3000 ya mega za intaneti. Tangu 9h mupaka Mapendo amalize, hakuna mutu mwingine kuingia mu ile hotspoti. Ata televizyo. Ata batoto.

18:06 Shangazi Faida: Miye nimeshatoa. Nani anafwata?

18:31 Shangazi Faida: ???

18:33 Shangazi Faida: Batu 11 bamesoma. Ninaona majina.

19:10 Cikuru: Miye franka hakuna shangazi, mafuta ya pikipiki ilipanda. Lakini naweza kumupeleka Mapendo Kinshasa na pikipiki yangu. Tukitoka leo usiku atafika ku Noeli 🏍️

19:11 Bahati: 😂😂😂

19:11 Cikuru: Ya 2031

19:12 Shangazi Faida: Cikuru.

19:12 Cikuru: Nimenyamaza.

19:40 Mama Nabintu: Aksanti sana Faida. Miye 3000 yangu iko. Lakini mashini ya Mapendo haionaki ile wifi ya Papa Amani. Jana tulitafuta mupaka usiku, inaonyesha ya majirani na ya kanisa tu.

19:52 Christian: Ni kweli mama. Mashini ile ni ya zamani, inasikiaka gigahezi 2.4 peke. Na simu ya papa inatangaza mu 5. Ni kama mutu anakuita mu Kirega na weye unajuaka Mashi tu, anaweza kupiga kelele mupaka kesho. Mu hotspoti ya papa kuko fasi ya kubadilisha, unatoa 5 unaweka 2.4. Dakika moja. Na tena 2.4 inapita ku ukuta muzuri kuliko 5.

19:53 Christian: Lakini simu iko na papa, na papa hajibu.

19:54 Bahati: Na ile JINA ya hotspoti mumeiona? 👀

19:54 Cikuru: 😭😭 yayaya

19:55 Shangazi Faida: Tusiingie pale.

20:20 Riziki: Miye nauliza. Juu ya nini tutoe tena? Wiki ilipita tulitoa, tukanunua giga 5, zikakauka usiku moja. Batu bamelala, mega zimeenda. Nani alikula?

20:21 Cikuru: Panya 🐀

20:29 Christian: Haikuwa panya. Ilikuwa mashini yangu.

20:31 Christian: Niliiacha imeshikana na hotspoti, nikalala. Ikaona wifi, ikafikiri iko kwa batajiri, ikaanza kujisasisha yenyewe. Niliamuka saa kumi na moja, feni inavuma kama ndege, giga 4 na kitu zimepita. Sasa nimeiambia ile hotspoti ni "connexion limitée". Haitapakua tena bile bitu bikubwa bila kuniuliza. Kila mutu mwenye mashini afanye vile.

20:32 Riziki: Kumbe!! Wiki muzima ulinyamaza, tunashitaki mutoto wa Nabintu.

20:33 Christian: Munisamehe.

20:35 Mama Nabintu: Mutoto wangu alilala bila kukula siku ile.

20:41 Mapendo: Ilishapita mama.

20:44 Shangazi Faida: Christian atatoa 6000. Tuendelee.

20:50 Christian: Sawa. Basi musikie mambo ya siku ya posho. Mega siyo shida, video ya saa moja inaweza kukula kufikia giga moja, na akizima kamera inapunguka sana. Shida ni SIMU KUITA. Kwa simu ya papa, mutu akimupigia na papa ashike, 4G inaanguka na mashini ya Mapendo inabakia ku giza mupaka baachiliane. Kwa hiyo hakuna mutu kupiga namba ya papa. Hakuna.

20:51 Cikuru: Tuseme majina ao? 😇

20:51 Riziki: Kuko namba moja inapigaka mara tisa kwa siku

20:52 Shangazi Faida: Ninapigaka juu hamujibuki!

20:55 Bahati: Si batumie waya? Simu na mashini bishikane na waya ya USB.

20:57 Christian: Njo muzuri zaidi, koneksyo haichezi, na simu inakula umeme ya mashini, haizimi. Lakini waya gani? Yako?

20:57 Bahati: Ile nilinunua 1500 pale Nyawera

20:58 Christian: Nilishaijaribu. Inatia sharje tu. Ndani hawakuweka nyuzi za kupitisha data, nilikata mwisho nikaona nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, basi.

20:58 Bahati: ULIKATA WAYA YANGU??

20:59 Christian: Ile ilikuwa imesha kufa.

21:00 Bahati: Haikuwa imekufa

21:02 Mama Nabintu: Jamani umeme. Umeme hatuna hapa tangu siku ya pili (Jumanne). Mashini ya Mapendo inashika saa moja, ikichoka inazima bila kuaga.

21:03 Riziki: Kama umeme hakuna, si kuko batri.

21:04 Riziki: Ile ya sola.

21:04 Cikuru: 🗑️ Ujumbe huu umefutwa

21:05 Bahati: Aiiii

21:06 Shangazi Faida: Riziki, siyo leo.

21:08 Riziki: Lini sasa? Kila nyumba ilitoa dola 20. Batri ya jamaa iko Kadutu mu saluni, inanyoa batu nywele. Mutoto anatafuta kazi mu giza.

21:37 Tonton Mugisho: Sikuiba kitu. Marehemu alijua. Mulishasahau nani alilipa hospitali.

21:38 Riziki: Hospitali ni ingine, batri ni ingine.

21:38 Tonton Mugisho: Kwako.

21:40 Shangazi Faida: BASI. Mapendo akuye kwangu Nguba. Umeme iko, ni kimya, salon ya wageni ni safi. Papa Amani akuye na simu yake.

21:46 Christian: Shangazi, samahani. Kwako simu zinavukaka. Ile siku papa aliketi kwako nusu saa, simu ikaacha mutandao yetu ikashika ya ng'ambo ya Ruzizi, ya Rwanda, unite zote za simu zikaenda mu romingi. Tutazima romingi na tuchague mutandao kwa mukono. Lakini ya kwetu, mu salon yako inakuwaka na kamustari kamoja.

21:47 Cikuru: Siye tunapanga mulolongo ku mupaka, simu ya Papa Amani inapita bila karatasi 😂😂

21:48 Bahati: Inaenda kununua sukari Kamembe

21:48 Cikuru: Na nyanya

21:49 Riziki: 😂😂 na inarudi bila unite

21:52 Shangazi Faida: Papa Amani uko wapi? Nimekupigia mara tano.

22:15 Shangazi Faida: Sita.

IJUMAA

06:15 Patient Kinshasa: Mbote jamaa, ndio ninaona saa hii. Swali moja. 10h ya wapi?

06:17 Shangazi Faida: Barua inasema 10h00.

06:18 Patient Kinshasa: Barua imetoka huku. Basi ni 10h ya huku. Kwenu siyo 10h.

06:20 Riziki: Kwetu itakuwa 9h

06:20 Bahati: 11h!!

06:22 Riziki: Siye tuko nyuma ya Kinshasa

06:22 Bahati: Tuko mbele dada, jua linatoka kwetu kwanza

06:24 Shangazi Faida: Jana miye nimemuandikia Papa Amani 10h. Musinichanganye.

07:02 Koko Mwalimu: Wanangu na wajukuu, asubuhi njema. Nimesoma yote tangu jana. Mtoto Amani ananishikia simu, maneno ni yangu.

07:06 Koko Mwalimu: Kwanza, saa. Ali na Foreman walipopigana Kinshasa mwaka 1974, pale ilikuwa saa kumi ya usiku. Hapa Bagira ilikuwa saa kumi na moja. Nakumbuka kwa sababu jogoo wa mama alianza kuwika juu ya sauti ya redio, na Muzee mmoja akataka kumchinja palepale. Kinshasa ikisema saa nne, kwetu ni saa tano. Mapendo ataanza 11h00.

07:09 Koko Mwalimu: Redio ilikuwa moja tu, ya marehemu baba yangu. Avenue nzima ilikaa uani, wengine juu ya ukuta. Hakuna aliyeombwa hata likuta.

07:14 Koko Mwalimu: Pili. Mugisho, batri ifike kwangu leo kabla ya giza. Sisemi nani alikosa. Nasema ifike.

07:19 Koko Mwalimu: Tatu. Jana jirani aliketi kwangu kunywa chai. Akafungua simu yake kutafuta wifi, akanisomea jina la ile ya Papa Amani, kwa sauti, mbele ya wageni. Sikujua niweke kikombe wapi. Jina hilo libadilishwe.

07:21 Mama Nabintu: Sawa Koko.

07:22 Bahati: Sawa Koko

07:25 Riziki: Sawa Koko. Nisamehe.

07:26 Shangazi Faida: Koko amesema.

07:58 Patient Kinshasa: Jina gani? Huku siyioni

07:59 Cikuru: 📷 Picha: orodha ya wifi. "MUGISHO_RUDISHA_BATRI 🔒"

08:00 Cikuru: 🗑️ Ujumbe huu umefutwa

08:00 Patient Kinshasa: Nimeshaona 😳

09:33 Tonton Mugisho: Nimesikia baba.

09:35 Riziki: Umesikia ao inakuya?

12:48 Papa Amani: Jambo ku bote. Nilikuwa barabarani, simu ilikuwa mu mufuko. Mambo ya hotspoti hakuna shida. Lakini Faida aliniambia 10h. Kesho gari ya Kabare inanipitia ku barabara 11h30, na simu inaenda na miye.

12:49 Shangazi Faida: Ati nini

12:50 Mama Nabintu: Nusu saa tu? Mahojiano itakuwa inaanza kupata moto 😩

12:53 Christian: Papa, chukua simu, uache kadi ya SIM. Tutaiweka mu simu yangu.

12:54 Papa Amani: Kadi ile iko na feza ya mawe ya msingi. Siachi.

12:55 Christian: Hakuna mutu atagusa, kuko na neno la siri

12:55 Papa Amani: Ata mega mulisema hakuna mutu atagusa.

12:56 Cikuru: 🔥🔥 imeingia

13:02 Christian: Basi tununue mega mu namba yangu. Simu yangu ni ya 3G tu, kioo kimepasuka, lakini hotspoti yake inafanya. Video inaweza kukamata ikiwa Mapendo atazima kamera.

13:04 Mapendo: Barua inasema kamera ifunguliwe.

13:05 Christian: Ah.

13:09 Shangazi Faida: Papa Amani, iyo gari haiwezi kupita saa sita?

13:40 Shangazi Faida: Amesoma na amenyamaza. Hii jamaa.

13:44 Shangazi Faida: Hesabu mupaka sasa: miye 3000. Nabintu 3000. Patient ametuma dola 5, Mungu amubariki. Christian 6000 ya mudomo. Riziki? Bahati? Mugisho?

14:20 Bahati: Christian anidai kwanza waya

14:21 Christian: Ni weye unanidai miye

14:21 Bahati: Njo vile nasema

17:35 Cikuru: Koko alinituma Kadutu na pikipiki kuchukua batri. Niko hapa. Saluni imefungwa, kuko kufuli. Mutoto wa kando anasema tonton alitoka saa nane na kitu kikubwa mu mufuko wa simenti.

17:36 Riziki: Kitu gani?

17:36 Cikuru: Sikuambiwa. Kizito.

17:37 Riziki: Alienda upande gani?

17:38 Cikuru: Huyu anasema kulia, mwenzake anasema kushoto. Miye nalipwa mafuta na nani?

17:50 Shangazi Faida: Mugisho jibu.

18:12 Papa Amani: Nimebadilisha jina. Na nimeweka 2.4 vile Christian alisema.

18:13 Mama Nabintu: Aksanti! Sasa mashini ya Mapendo inaiona. Imeandikwa "KOKO_AMESEMA".

18:13 Bahati: 😂😂😂😂

18:14 Cikuru: Ata majirani basikie

18:16 Mama Nabintu: Inaomba neno la siri.

18:17 Papa Amani: Nitamupa Mapendo kesho mu sikio. Siandiki hapa. Mara ya mwisho niliandika hapa, jioni nikahesabu mashini na simu 9 mu hotspoti yangu, na moja inaitwa "Salon_Kadutu".

18:18 Riziki: Eh!!

18:25 Shangazi Faida: Na gari?

18:51 Mapendo: Samahani ku bote. Nauliza tu. Kesho nibakie hapa ao nikuye Nguba? Ninapiga pasi nguo.

18:53 Mama Nabintu: Pasi ya makaa, isiunguze ile blauzi

19:07 Shangazi Faida: Ngoja Mapendo. Papa Amani amezima ao nini, haingii. Nimepiga mara nne.

19:08 Christian: Shangazi, usimupigie, simu yake iko ku hotspoti, tuko tunajaribu video na Patient

19:08 Christian: Imekatika.