Santuri za baba zinasikika vizuri kuliko simu, ni masikio yangu ama kuna sababu?

nyar_kano (Kisumu)

Habari zenu watu wa muziki. Niko Manyatta hapa Kisumu na nina swali limenikaa kichwani tangu Desemba. Baba alituacha mwaka jana, na tulipokuwa tunapanga nyumba yake huko Kano tukapata katoni mbili za santuri chini ya kitanda, nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), benga tupu, ule muziki wa gita wa Kijaluo, Shirati Jazz, Victoria Jazz, George Ramogi, na chache za twisti za Daudi Kabaka. Katoni moja ilikuwa imenyeshewa, makaratasi yameshikana, lakini sahani zenyewe ziko sawa. Ndugu yangu akazunguka Kibuye Jumapili mbili hadi akapata pleya ya mtumba, fundi akaweka mkanda mpya na sindano mpya, tukaiunganisha na amplifaya ya baba na spika zake mbili za mbao.

Sasa siku ya kwanza nikaweka moja ya Misiani, yule wa Shirati Jazz, wimbo nimeusikia maisha yangu yote, uko kwa simu yangu, uko kwa fleshi ya kila matatu ya Kondele. Lakini kwa santuri nikasikia besi inatembea peke yake, na gita ya pili inajibu ya kwanza, kitu sijawahi kusikia kwa simu hata siku moja. Kwa simu ni kama gita zote zimefungiwa kwa debe. Kukwaruza kuko, ndio, kama samaki anakaangwa kwa jirani, lakini nyuma ya hiyo kelele unasikia watu wako ndani ya chumba. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni hadi upande wa kwanza ukaisha, hakusema kitu.

Ndugu yangu anasema ni msiba unanifanya nisikie hivyo, ati dijitali ilishinda santuri kitambo na sayansi ilishaamua. Mimi najua nilichosikia. Nani ako sawa? Halafu binamu zetu wa Nairobi na walio ng'ambo wanataka nakala, nikizigeuza kuwa dijitali nitapoteza hicho kitu?

fundi_spika_nax (Nakuru)

Pole sana kwa baba, dada. Nimetengeneza spika na amplifaya hapa Bondeni miaka mingi na hili swali huja kila mara, kwa hivyo nivumilie niandike kirefu.

Ndugu yako ako sawa kuhusu dijitali. Wewe uko sawa kuhusu simu yako. CD tangu itoke mwaka wa 1982 inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16. Sikio la kijana halipiti hetzi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hesabu inasema ukipima zaidi ya mara mbili ya sauti ya juu kabisa unayotaka kushika, unaishika yote. Watu husema dijitali inakatakata wimbi likawa kama ngazi, hiyo si kweli, kile kifaa cha kurudisha sauti kinatoa wimbi laini lililokamilika, nimelitazama mwenyewe kwa skrini ya osiloskopu. Nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwa CD ni kama desibeli 96, santuri nzuri iliyotunzwa ni kama 60 hadi 70, chini ya hapo sauti inazama kwa kelele za sahani.

Tena santuri ina shida zake za kuzaliwa. Besi ikichongwa kwa nguvu yake yote, mfereji unakuwa mpana sana na sindano inaruka, kwa hivyo wakati wa kuchonga wanapunguza besi na kuinua sauti nyembamba, halafu amplifaya yenye sehemu ya fono inarudisha kila kitu mahali pake. Huo mpangilio unaitwa RIAA, ulikubaliwa Marekani mwaka wa 1954 na ndio dunia inatumia hadi leo. Na sahani inazunguka kwa mwendo uleule, lakini mzunguko wa pembeni ni mrefu kuliko wa karibu na katikati, so sindano ikifika mwisho kila sekunde ya muziki imebanwa kwa nafasi ndogo, hapo ndio unasikia zile "sss" za mwimbaji zikianza kuchoma.

Sasa kwa nini simu yako inashindwa? Fikiria huo wimbo umetoka wapi. Mtu alikuwa na santuri, akairekodi kwa kaseti. Kaseti ikanakiliwa kwa kaseti nyingine, kila nakala inaongeza kelele na kula sauti za juu. Miaka baadaye mtu wa saiba akaiingiza kwa kompyuta kama MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde), na MP3 kazi yake ni kutupa kile programu inadhani sikio halitagundua. Ikapandishwa mtandaoni ikabanwa tena, mtu akaipakua akaibana tena, akamtumia binamu yako. Dada, hujawahi kusikia wimbo huo kwa dijitali, umesikia kaseti iliyochoka ikiwa imevaa nguo ya dijitali. Halafu spika ya simu ni kama ukucha, besi itatoka wapi?

Usiniamini, jaribu. Rekodi santuri moja kwa laptopu, faili la WAV ambalo halibanwi, biti 16, 44,100 kama CD. Cheza santuri na hiyo rekodi kupitia amplifaya ileile na spika zilezile, na sauti ziwe sawa kabisa, hapo ndio wengi wanakosea, sikio linapenda kile kinalia juu kidogo hata kama ni kibaya. Keti ukiwapa mgongo, ndugu yako abadilishe bila kusema, wewe uandike ni gani, mara 10. Ukipata 5 ama 6 ulikuwa unabahatisha.

mulembe_58 (Kakamega)

Pole mama. Fundi ameongea vizuri lakini kuna kitu amekiruka, na sitaki kipite.

Nilikua Luanda, mjomba alikuwa na baa pale stendi, na kazi yangu ya likizo ilikuwa kugeuza sahani. Benga ya 45 haikuwa wimbo mmoja tu, ilikuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Upande wa kwanza mwimbaji anakupa hadithi, anasifu watu, anataja vijiji. Unageuza, na mara nyingi upande wa pili ndio gita zinaachiliwa, besi inapanda, watu wanasukuma viti. Ule muda wa kugeuza watu walikuwa wanashusha pumzi na kuagiza. Sasa ingia mtandaoni utafute hizo nyimbo, ngapi utapata upande wa kwanza pekee? Na zingine zimeunganishwa vibaya, sauti inafifia halafu inarudi ghafla kama stima. Vijana wanafikiri wimbo uliishia pale mwimbaji alinyamaza. Kwa hivyo kama unauliza kama kitu kitapotea, jibu langu ni kwamba kimeshapotea kwa wengi, na kiko kwa hizo katoni zako.

Kingine ni lebo. Pale katikati kuna jina la bendi, mtunzi, kampuni, namba. Utaona Chandarana ya Kericho, utaona zile za Oluoch Kanindo. Faili la simu linasema "Luo mix 4". Piga picha pande zote mbili kabla ya kitu kingine chochote.

bgm_wufa (Bungoma)

Samahani kuingilia. Mimi niliunganisha pleya yangu na wufa kwa shimo la aux ikatoa kasauti kembamba, besi hakuna, nikadhani santuri ndio zilivyo nikaziweka kando. Kumbe?

fundi_spika_nax

@bgm_wufa kumbe ndio hiyo. Shimo la aux halina fono, unasikia ile sauti iliyopunguzwa besi wakati wa kuchonga, haijarudishwa. Tafuta kiboksi cha fono uweke katikati. Usitupe santuri.

@mulembe_58 mzee umenifunza, hiyo ya upande wa pili sikuwa nimeifikiria.

@nyar_kano kabla ya kurekodi, osha. Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya kuongeza kwa betri ya gari (maji, SI asidi, soma chupa mara mbili), tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini ya mtoto, fuata mifereji kwa duara, usiloweshe lebo, suuza kwa maji yaleyale, kausha ikiwa imesimama. Ukipata zile nzito za 78 usiguse na spiriti, nyingi ni za shelaki na inayeyuka. Na jua la Kisumu usilijaribu, sahani ikiachwa kwa gari mchana inajikunja kama chapati.

45 nyingi za zamani ni mono, yaani spika zote mbili zinapata sauti ileile. Kama amplifaya ya mzee ina kitufe cha mono kibonyeze, kelele ambayo sindano inapata kwa kuruka juu na chini inajifuta na muziki unabaki. Programu tumia Audacity, ni ya bure. Ukirekodi acha nafasi juu, sauti isigonge mwisho wa kipimo. Hifadhi WAV ama FLAC (inabana bila kutupa kitu), WAV ni kama MB 10 kwa dakika, upande wa dakika 3 ni MB 30 hivi, MP3 ya 128 ingekuwa kama 3, ona kiasi kinachotupwa. Na nakala ya kwanza usiisafishe kelele na programu, inakula matoazi na kucha za mpiga gita. Ukitaka kusafisha, safisha nakala.

nyar_kano

Nimerudi. Jumapili tulifanya ile jaribio, mimi nikiwapa mgongo na leso machoni kwa sababu ndugu yangu hakuniamini. Santuri dhidi ya rekodi ya laptopu nilipata 6 kwa 10. Nilikuwa na uhakika kabisa, na zile nilikuwa na uhakika zaidi ndizo nilikosa. Halafu tukaweka ile ya simu kupitia spika hizohizo, hiyo niliijua mara zote 10 kabla gita ya kwanza haijamaliza.

Baadaye pleya ikiwa imezimwa laptopu inacheza peke yake, wimbo ukafika mwisho wa upande wa kwanza, mama akaita kutoka jikoni, "Geuzeni basi."

Tumemaliza sahani 14, picha za lebo zote ziko. Shida ni moja ya ile katoni iliyonyeshewa, lebo imetoka pande zote mbili. Tunafikiri ni Victoria kwa vile gita linaanza, lakini mama anasema hapana. Kuna njia ya kujua?

mulembe_58

Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna sehemu laini isiyo na muziki. Hapo kiwandani walichora namba. Inamisha sahani kwa dirisha asubuhi mwanga uingie kwa ubavu, utaziona. Piga picha uweke hapa, na utuwekee sekunde chache za upande wa pili pia, kuna wazee hapa Kakamega na Maseno watamjua mpiga gita kabla ya hiyo namba.