Mjadala: Bayolojia ya sekondari Lamu na Malindi ifunzwe mikokoni au darasani?

Mwalimu wa Bayolojia, Lamu

Sabalkheri ndugu zangu. Tangu Gredi ya 10 ya mtaala mpya ianze Januari 2026, sisi walimu wa Bayolojia hatuachi kubishana: ikolojia na mada za aina hiyo zifunzwe kwa miradi na kutoka nje, au tubaki na kitabu na ubao kama tulivyozoea kwenye mtaala wa zamani wa 8-4-4? Msimamo wangu ni kwamba twende nje, na ratiba ya shule ifuate maji.

Kila aliyekulia huku ajua kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupwa kabisa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Huo ndio wakati mikoko iko wazi, na ndio wakati wanafunzi wetu wako darasani wakinakili habari za mizizi ya kupumulia ya mkoko aina ya mchu. Saa kumi kengele ya kutoka ikilia, maji yamejaa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na bado kuna mtoto wa hapa amalizaye Kidato cha Nne asiyeweza kutofautisha mchu na mkandaa.

Chukueni ile njia ya kukadiria idadi ya wanyama kwa kunasa, kutia alama na kunasa tena. Darasani ni kanuni ya kukariri. Mikokoni kuna wale konokono wakubwa wanaokula majani yaliyoanguka, na chupa ya rangi ya kucha yatosha. Tuseme wanafunzi wametia alama konokono 60. Siku chache baadaye, kabla bamvua halijaisha, wanaokota 50 na kukuta 10 wana alama. 60 mara 50, gawanya kwa 10: wako 300. Basi ndipo mabishano yanapoanza. Je, rangi imebanduka kwa maji ya chumvi? Kuna walioliwa kwa sababu wanaonekana kwa urahisi? Kikundi cha pili kiliokota kivulini tu? Sijawahi kuulizwa maswali hayo nikiwa nimesimama ubaoni.

Nataka asubuhi mbili za bamvua kila muhula, na alama za mradi ziingie kwenye matokeo. Mwasemaje?

Mzazi, Langoni

Mwalimu, heshima yako. Lakini tangu mtaala huu uingie, mradi kwangu mimi ni pesa za saiba, gundi na karatasi ngumu, na kazi yenyewe naimaliza mimi usiku mtoto akiwa amelala.

Kijana wangu mkubwa yuko Kidato cha Tatu, kundi la mwisho la 8-4-4. KCSE yake, mtihani wa kumaliza sekondari, ni 2027. Bayolojia ina alama 200: karatasi mbili za 80, na ya vitendo 40. Hata hizo 40 hufanywa ndani, kwa vitu vilivyowekwa mezani. Mkipoteza asubuhi nzima matopeni, jenetiki ataifunzwa lini? Na boti je, kila mtoto atakuwa na boya la kuvaa? Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku huku Lamu, 2014, mtoto akienda mbali na mji situlii mpaka arudi.

Mkata boriti, Kisiwa cha Pate

Mimi naja na jingine. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti, sisi wa mikoko tulikaa bila kazi. Watoto wetu wakaambiwa baba zao ndio waharibifu. Mkiwaleta huku kuhesabu visiki tu, watarudi na maneno yale yale.

Tuulizeni na sisi. Mti twaupima kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila unene una kazi yake kwenye nyumba, na mkataji ajua upi wa kukata na upi wa kuacha ukue. Wanafunzi waje na utepe wa kupimia, wapime pale tulipokata na pale tusipokata, wahesabu miche inayochipua chini. Kama twaharibu, waseme kwa hesabu. Na wasiikanyage hiyo miche! Watu thelathini wakipita njia moja hakibaki kitu.

Mwanafunzi wa kike, Gredi ya 10

Shikamooni. Sisi hatukatai matope. Tunachotaka ni mahali pa kubadilisha nguo na maji ya kuosha miguu. Tena vikundi viwe vidogo, kwa sababu kwenye kikundi cha watu kumi wanaofanya kazi ni wawili, na alama wanapata wote.

Mwalimu wa Bayolojia, Malindi

Binti yangu amesema kweli kuhusu vikundi. Mwalimu mwenzangu wa Lamu, mbona kutoka nje kwako ni lazima kuwe na boti? Hapa kwetu, vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke vimekuwa vikifuga vipepeo na kuuza pupa kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede tangu 1993. Kuna wanafunzi wanaokuja shuleni wakijua kila kiwavi hula mti gani, kisha sisi twawachorea metamofosisi, yaani kiwavi anavyogeuka kipepeo, ubaoni kana kwamba hawajaiona.

Mlimau mmoja nyuma ya darasa watosha. Kiwavi wake akiwa mdogo afanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimgusa atoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Kumpima urefu kila siku mpaka awe pupa hakuhitaji nauli wala ruhusa ya mzazi.

Ila kwenye alama nakupinga. Kwenye matokeo ya Gredi ya 9, tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na 8 tayari ina asilimia 20. Shule yenye maabara na basi itafanya mradi wa kupendeza, na ile ambayo pesa za serikali hazijafika itafanya nini? Na mwalimu gani atawanyima wanafunzi wake alama?

Mwalimu wa Bayolojia, Lamu

Mama wa Langoni, mradi ninaousema haununuliki saiba. Daftari laandikwa pale pale mikokoni kwa penseli, nalitia sahihi kabla hatujaondoka, na nyumbani haliendi. Tena hatutavuka maji. Tutakwenda kwa miguu mahali ambapo mji wauona. Jenetiki ina vipindi vyake na sitavigusa.

Mzee wa Pate, ningependa uje wewe mwenyewe uwaoneshe pau na boriti kabla hawajapima chochote.

Mwalimu wa Malindi, vipi tukibadilishana daftari? Wewe usahihishe za wanafunzi wangu nami nisahihishe zako, pasiwe na majina.

Mwalimu wa Bayolojia, Malindi

Kubadilishana nakubali, hata muhula huu. Kuziingiza kwenye cheti bado, mpaka nione shule isiyo na maabara imepata alama za haki kwa mlimau wake.