Safari ya kwanza ya misheni nje ya nchi kuhudumia yatima: nijiandae vipi, na je, ni sahihi kwenda?

Kijana wa Huduma (muulizaji)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni kijana niliyehitimu chuo hivi karibuni, na kanisa letu limenichagua niwe miongoni mwa timu itakayosafiri nje ya nchi kwa majuma matatu kuhudumu katika kituo kinacholea watoto yatima. Sijawahi kuvuka mpaka, na uzoefu wangu wote wa kazi ya watoto ni kufundisha shule ya Jumapili. Nimelibeba moyoni andiko la Yakobo 1:27, linalosema kwamba dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Niliomba kwa muda mrefu kabla ya kukubali, na sasa wazazi wangu pamoja na washirika wameanza kunichangia nauli.

Hata hivyo, dada mmoja wa ushirika wetu anayesomea ustawi wa jamii ameniambia waziwazi kwamba safari za namna hii huwaumiza watoto kuliko zinavyowasaidia. Nilikosa la kumjibu. Naomba wenye ujuzi waniambie kama jambo hilo ni kweli, na iwapo nitakwenda, nifanye nini na nijiepushe na nini. Ningependa pia kuelekezwa kuhusu hati na chanjo. Tafadhali msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Afisa Ustawi

Shalom, mpendwa. Huyo dada amekwambia jambo zito, na sehemu kubwa ya aliyoyasema ina ushahidi, kwa hiyo usilichukulie kama kukatishwa tamaa na adui.

Anza na watoto wenyewe. Mara nyingi watu wa makanisani hutaja idadi ya yatima duniani kana kwamba wote hawana mtu. UNICEF ilikadiria kwamba mwaka 2015 walikuwapo yatima karibu milioni 140, lakini hesabu hiyo inajumuisha kila mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa takriban milioni 15. Ukija kwa wale wanaoishi katika vituo, shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau wanne katika kila watano wana mzazi mmoja au wawili walio hai. Wengi wao wako kituoni kwa sababu nyumbani hakuna karo, hakuna dawa, au mama amebaki peke yake na hana kipato. Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake.

Ukiusoma tena mstari wako utaona kwamba Yakobo amewataja yatima na wajane kwa pumzi moja. Mjane huyo mara nyingi ndiye mama wa yatima huyo. Anayemwezesha mama kumlea mwanawe chini ya paa lake ameshika andiko lote, ilhali anayempeleka mtoto kituoni na kumwacha mama katika dhiki yake ameshika nusu.

Jambo la pili linahusu namna mtoto anavyokua. Mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo, ambapo nusu yao walipelekwa kwa kura katika familia za malezi ya kambo na wengine wakaendelea na matunzo waliyokuwa wakiyapata. Waliopelekwa katika familia walipiga hatua zaidi kiakili na walijenga uhusiano imara zaidi na walezi wao, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja au wawili ambao hawabadiliki. Kila timu inayokuja, kumbeba, kumpenda kwa dhati na kuondoka humwachia kuagana kupya juu ya kuagana kwa zamani. Utakapofika utaona watoto wakikukimbilia na kukukumbatia hata kabla hujataja jina lako, na watu wa timu watasema kwamba watoto hawa wana furaha ajabu. Kitaalamu, mtoto anayemkumbatia kila mgeni bila kusita mara nyingi ni mtoto ambaye hajapata mlezi wa kudumu.

Sikwambii usiende. Nakwambia kwamba kabla ya kukata tiketi, kiongozi wa timu aulize maswali haya na apewe majibu kwa maandishi: kama kituo kimesajiliwa na mamlaka ya nchi husika na hukaguliwa, kama kila mtoto ana faili linaloeleza familia yake iko wapi na kwa nini hayuko nayo, kama kuna mpango wa kuwarudisha wanaoweza kurudi, na kama kituo kina sera ya ulinzi wa mtoto. Kituo kinachokerwa na maswali hayo kimeshakujibu. Na kituo kinachompokea mgeni yeyote bila kumdai hati ya polisi inayoonyesha kwamba hana rekodi ya jinai kinawapokea kwa urahisi uleule na watu wenye nia mbaya.

Mratibu wa Misheni

Mimi nimekuwa nikiratibu safari za vijana kwa miaka mingi, na nakubaliana na Afisa Ustawi kwa sehemu kubwa, ila ninaogopa kijana huyu atatoka hapa akiwa na hofu tu bila kazi ya mikono.

Kijana, safari fupi ina thamani ikiwa inamtumikia yule anayebaki. Hapo ndipo ninapotofautiana na namna timu nyingi zinavyopangwa, kwa kuwa ratiba hujengwa ili wageni wapate muda mwingi na watoto, wakati wanaohitaji kutiwa nguvu ni walezi, ambao hulala macho na watoto wagonjwa mwaka mzima na kulipwa kidogo. Fanyeni zile kazi zinazowapa walezi nafasi ya kukaa na watoto: fueni, pikeni, pakeni rangi, rekebisheni vitanda, ilimradi hamchukui ajira ya fundi wa mahali pale. Kama katika timu kuna mwenye taaluma, afundishe watu wazima, ili anachokijua kibaki baada yake.

Wapo wanaomtaja Amy Carmichael kama mfano wa vijana waliokwenda ng'ambo kuwaokoa watoto. Ni kweli, lakini tazameni alivyofanya: alifika India mwaka 1895, akajifunza Kitamil, akaishi na watoto wale huko Dohnavur, wala hakurudi kwao hata mara moja hadi alipofariki mwaka 1951. Mtu wa namna hiyo anaweza kuitwa mama. Wewe wa majuma matatu ni mgeni, na ugeni una heshima yake ukijua mipaka yake.

Kuhusu hati, hakikisha pasipoti yako ina angalau miezi 6 ya uhai kuanzia siku ya kuingia, kwa kuwa nchi nyingi hudai hivyo. Uliza ubalozi kama viza ya utalii inaruhusu kazi ya kujitolea. Nchi nyingi hazikubali, na kumwambia ofisa wa uhamiaji kwamba unakwenda kutembea tu wakati unakwenda kuhudumu ni uongo hata kama sanduku lako limejaa Biblia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pale kinapohitajika, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yako yote, hivyo usikubali kuuziwa nyingine. Muulize daktari kuhusu kinga ya malaria ikiwa nchi unayokwenda ina ugonjwa huo, na hakikisha umechanjwa surua, maana wewe pia unaweza kuwapelekea watoto ugonjwa. Chukua bima ya afya ya safari.

Usitie sahihi jambo lolote linalohusu mtoto, wala usimsindikize mtoto popote nje ya kituo bila mlezi, hata kwa nia njema. Mwezi Januari 2010, majuma machache baada ya tetemeko la ardhi nchini Haiti, kundi la Wakristo kutoka Marekani lilikamatwa likijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila kibali halali. Ilikuja kubainika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi walio hai. Wale ndugu walisema walikwenda kuokoa yatima.

Nililelewa Kituoni

Nimeusoma mjadala huu kwa makini kwa sababu nilikuwa upande wa pili. Nililelewa katika kituo cha Kikristo tangu nikiwa mdogo hadi nilipomaliza sekondari, na sina chuki na walionilea, kwa kuwa walinisomesha na walinifundisha kuomba.

Lakini naomba niseme jinsi tulivyowaona wageni. Tulijua ratiba yao kuliko walivyodhani. Tulijua kwamba kukiwa na wageni tutavaa nguo mpya, tutaimba nyimbo zilezile, na mmoja wetu atasimama kusimulia jinsi wazazi wake walivyokufa. Aliyeweza kusimulia huku akilia alipewa nafasi hiyo mara nyingi zaidi. Wakati wa mitihani ya shule tuliitwa tuache madaftari tukacheze na timu, maana wageni walikuwa wamesafiri mbali. Kuna picha yangu nikiwa na kamasi na kaptula iliyochanika ambayo niliikuta nikiwa mtu mzima kwenye kipeperushi cha michango. Hakuna aliyeniuliza, na hakuna ambaye angekubali mwanawe apigwe picha ile.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni ahadi. Mgeni husema, «Nitarudi, nitakuandikia,» naye wakati ule anamaanisha kabisa. Mtoto huihesabu ahadi hiyo. Kwa hiyo, ndugu yangu mdogo, usiahidi chochote usichoweza kukitimiza, wala usimpe mtoto mmoja zawadi ya siri kwa kuwa amekugusa moyo. Usiku wa siku hiyo atalipia kwa wenzake. Zawadi zote zipitie kwa mlezi mkuu, naye ndiye agawe kwa mkono wake. Usimuulize mtoto habari za kufiwa kwake. Akianza kukueleza mwenyewe, msikilize bila kumhoji, kisha mjulishe mlezi wake.

Pia usiwalete kwa Yesu kwa pipi. Sisi tuliokoka kila timu ilipokuja, kwa sababu walioinua mikono walikumbatiwa. Aliyenifanya niamini kweli alikuwa mpishi wetu, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu kuhubiri.

Wageni ninaowakumbuka kwa shukrani ni wachache. Mmoja alikuwa muuguzi aliyewafundisha walezi namna ya kumhudumia mwenzetu aliyekuwa na kifafa, ambaye kabla ya hapo alikuwa akikemewa mapepo kila alipoanguka. Mafunzo yale yaliendelea kutumika miaka yote niliyobaki pale.

Mchangiaji wa Pembeni

Kwa nini nauli ya timu nzima isitumwe tu kwa hao wajane tukamaliza kazi?

Mratibu wa Misheni

Swali ni la haki, na wakati mwingine jibu lake ni ndiyo, zitumwe. Nimewahi kushauri kanisa lifute safari na fedha ziende kwenye mradi wa kurudisha watoto kwa ndugu zao. Tatizo ni kwamba washirika wengi huchangia kumpeleka kijana wanayemjua, lakini hawachangii familia wasiyoijua, na safari inapofutwa fedha hizo hazionekani tena. Kama kanisa lenu linaweza kuvuka kizingiti hicho, fanyeni hivyo.

Kijana wa Huduma

Nawashukuru nyote, hasa ndugu uliyelelewa kituoni, kwa kuwa umenieleza mambo ambayo semina yetu ya maandalizi haikuyagusa. Tumekaa na kiongozi wa timu na maswali yametumwa. Kituo kimejibu kwamba kimesajiliwa, kina mtu maalumu wa kutafuta ndugu za watoto, na kwamba wageni hawaruhusiwi kuingia katika vyumba vya kulala wala kubaki na mtoto faragha. Mkuu wa kituo ameandika kwamba angefurahi kama wauguzi wa timu wangewafundisha walezi huduma ya kwanza. Ratiba ya michezo tumeipunguza, na picha za watoto hazitapigwa.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Mimi nimesomea uhasibu, na sioni nitafaa nini mahali pale zaidi ya kupaka rangi. Halafu, mtoto akinikimbilia na kunikumbatia, je, nimsukume?

Afisa Ustawi

Usimsukume kamwe. Mpokee, msalimie kwa jina, chuchumaa mwe usawa mmoja, kisha mwelekeze kwenye jambo mnaloweza kufanya pamoja na wenzake mbele ya mlezi. Akiumia au akilia, mkabidhi kwa mlezi wake, hata kama wewe ndiye uliye karibu na mikono yako imekaa tayari kumbembeleza. Watoto waambiwe siku ya kwanza kwamba nyinyi ni wageni na mtaondoka siku fulani, na kuagana kufanyike kwa kikundi, mchana, bila vilio vya kupangwa.

Mratibu wa Misheni

Mhasibu ndiye mtu ambaye vituo vingi vinamhitaji na hakuna timu inayokuwa naye. Mwandikie mkuu wa kituo umuulize kama angependa usaidizi katika kupanga bajeti, kutunza stakabadhi, kuandaa taarifa kwa wafadhili, na hasa kutenganisha gharama ya kumlea mtoto mmoja kituoni na gharama ya kumsaidia akiwa kwa bibi au shangazi yake, kwa sababu kulinganisha hesabu hizo mbili mara nyingi hufungua macho ya bodi. Uliza mapema wanatumia daftari au programu gani, ufundishe hiyohiyo, na ukae na mtunza hesabu wao mwenyewe badala ya kumfanyia kazi yake.