Nimeongeza VLAN kwenye tranki, swichi ya godauni imepotea hewani

kebo_ya_bluu: Wakuu habari za mchana, naombeni msaada wa haraka. Nina swichi ya Cisco 2960 huko godauni, kama kilomita 30 kutoka ofisini, tranki yake, yaani poti inayopitisha VLAN kadhaa (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) kwa pamoja, ni gi0/1 na ilikuwa inapitisha VLAN 10 ya wahasibu, 20 ya kamera na 99 ambayo ndo naingilia kwa SSH kuiendesha nikiwa mbali. Leo nimetaka kuongeza 30 ya waifai ya wageni, nikaingia kwenye poti nikaandika `switchport trunk allowed vlan 30`, nikabonyeza enta, PuTTY, ile programu ninayoingilia, ikaganda hapo hapo na godauni zima halina mtandao. Sijasevu kitu. Je nikaifute ianze upya?

Mzee wa Poti: Pole sana mdogo wangu. Usifute chochote, na mwambie aliyeko huko asije akakishikilia kile kitufe cha Mode maana kinafuta konfigi yote. Ulichosahau ni neno `add`. Ukiandika vile bila add swichi haiongezi, inabadilisha orodha nzima, kwa hiyo 10, 20 na 99 zote umezitoa kwa mkono wako na wewe mwenyewe ulikuwa umepita kwenye 99. Uliyoandika yako kwenye running-config tu, yaani mipangilio inayotumika sasa hivi, swichi ikizimwa umeme ikawaka inasoma startup-config ya zamani, ile iliyoseviwa. Mpigie mlinzi achomoe waya wa umeme, ahesabu mpaka kumi, arudishe, halafu subirini dakika kadhaa.

dada_subnet: Sawa ila kabla hajachomoa jiulize mara ya mwisho kusevu ilikuwa lini, kama kuna mabadiliko ya nyuma hayakuseviwa nayo yataondoka. Kama kuna mtu karibu mwenye laptopu na kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha laptopu na swichi moja kwa moja, ni bora zaidi, aweke kasi ya 9600, anarekebisha bila kuzima.

kebo_ya_bluu: Hakuna mwenye kebo huko, mlinzi amechomoa na imerudi, asanteni sana jamani nilishaanza kutafuta usafiri. Ila dada umesema kweli, kamera ya getini haionekani, wiki iliyopita niliihamishia poti ya 7 na sikusevu.

dada_subnet: Ingia `interface fa0/7` kisha `switchport mode access` na `switchport access vlan 20`, itarudi. Angalia na `show vlan brief`.

Mzee wa Poti: Na hiyo 30 usiiguse tena mpaka ufanye hivi, mimi kwa swichi ya mbali siendi bila hii. Kwanza `copy run start`, yaani usevu. Halafu `reload in 10`, yaani umeiambia ijiwashe upya baada ya dakika kumi. Ndo sasa unaandika `switchport trunk allowed vlan add 30`. Ukijifungia nje unakaa unasubiri, inarudi yenyewe. Ikiwa mambo yako sawa piga `show interfaces trunk`, uzione zote nne, kisha haraka `reload cancel` na usevu tena, ukisahau hiyo cancel utawazimia watu mtandao bure. Fanya jioni wakishatoka. Na ukiwa na shaka na komandi weka alama ya kuuliza mwishoni, `switchport trunk allowed vlan ?`, itakuonyesha add, remove, except na zingine kabla hujabonyeza enta.

kebo_ya_bluu: Kamera imerudi na nimesevu. VLAN 30 nafanya leo saa kumi na mbili jioni, nimeshaongea na mlinzi awe karibu na simu.