Mjadala: Somo la kwanza likiwa gumu, kwa nini tafakari zinalikwepa?

Mleta mada

Tumsifu Yesu Kristo, wadau. Na ndugu wa makanisa mengine, Bwana asifiwe, karibuni mchangie.

Kila alfajiri simu zetu zinajaa tafakari za masomo ya siku, yale ya Biblia yanayosomwa katika misa ya Kikatoliki. Nyingine zimeandikwa na mapadre, nyingine na masista, nyingine zimepita mikono mingi hadi jina la mwandishi limepotelea njiani. Sina ugomvi nazo kwa siku nyingi za mwaka. Ugomvi wangu ni siku kama Alhamisi ya juma la 20 la kipindi cha kawaida, mwaka wa kwanza wa ule mzunguko wa masomo wa miaka miwili. Mara ya mwisho iliangukia 21 Agosti 2025. Somo la kwanza lilikuwa Waamuzi 11: Yeftha, kiongozi wa Israeli vitani, anaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ushindi juu ya Waamoni, atakayetoka mlangoni kumlaki atatolewa sadaka ya kuteketezwa. Anashinda. Anayetoka ni binti yake wa pekee, anacheza na matari mkononi. Baba anararua mavazi. Binti anaomba miezi miwili akaulilie ubikira wake milimani na wenzake, anarudi, na baba anamtenda kama alivyoapa.

Msomaji anafunga kitabu, tunajibu "Tumshukuru Mungu", kisha unaimbwa wimbo wa katikati: Zaburi ya 40, ile ya mtu anayesema amekuja kuyafanya mapenzi ya Bwana. Yaani hata dakika haijapita tangu mtoto ateketezwe!

Tafakari zote zilizonifikia siku hiyo zilikimbilia Injili, Mathayo 22, karamu ya arusi na yule jamaa aliyeingia bila vazi. Moja iliacha hata Injili ikazungumzia Mtakatifu Pius X, kwa kuwa ni kumbukumbu yake. Binti wa Yeftha hakutajwa popote.

Hoja yangu: kama hukuligusa somo la kwanza, usiiite tafakari ya masomo. Na Yeftha si mtu wa kale tu, tunaishi naye. Baba anasimama kanisani siku ya mavuno, anatangaza ahadi kubwa, makofi na vigelegele, halafu Januari binti yake anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mama anasema "huyu nilimwahidi Mungu tangu tumboni, lazima awe sista", na mtoto hana wito. Anayeapa ni mzazi, anayelipa ni mtoto. Kweli tafakari ilikosa la kusema?

Katekista mstaafu

Milele na milele, amina. Mleta mada umeandika kwa uchungu, lakini uwatendee haki wanaoandaa tafakari. Mpangilio huu tuliupata baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu. Mwaka 1963 hati ya Liturujia iliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi, na mwaka 1969 ukatoka utaratibu mpya wa masomo: Jumapili miaka mitatu, siku za juma miaka miwili kwa somo la kwanza, Injili ile ile kila mwaka. Zamani siku ya kawaida isiyo na mtakatifu padre aliweza kurudia masomo ya Jumapili iliyopita.

Sasa elewa jambo moja. Siku za juma katika kipindi cha kawaida, somo la kwanza na Injili havikuchaguliwa vilingane. Kila kimoja kinatembea njia yake. Wiki ile kitabu cha Waamuzi kilikuwa kinasomwa kwa mfululizo, na Mathayo naye anaendelea na safari yake. Padre ana dakika tano kabla watu hawajawahi daladala. Achague lipi? Injili ndiyo kilele.

Na hilo la Yeftha lina majibu, ila hayafundishiki kwa dakika tano. Walawi 27 inaruhusu mtu aliyewekwa nadhiri akombolewe kwa fedha. Kumbukumbu la Torati 12 na 18 zinakataza waziwazi kumteketeza mtoto. Kwa hiyo Yeftha aliapa kwa pupa, tena hakuijua sheria ya Mungu wake. Wapo pia wafafanuzi wa Kiyahudi wa Karne za Kati waliosema binti hakuuawa, alitengwa aishi bila kuolewa.

Mleta mada

Katekista, shikamoo. Umeandika aya moja tu na tayari umetupa kuliko tafakari zote za siku ile. Walawi 27 ni sentensi moja, hata kituo cha kwanza cha daladala hatujafika.

Msema hovyo

Mimi naona liondolewe kabisa. Bibi aliyezika mjukuu jana amekuja misa ya saa kumi na mbili kutafuta faraja, unamsomea mtoto kachinjwa na baba? Na msiniambie Neno haliguswi. Zaburi ya 58, ya 83 na ya 109 hazimo katika Sala ya Vipindi, ile ya kila siku ya mapadre na watawa, tangu mageuzi ya Papa Paulo VI, kwa sababu ya laana zilizomo. Zaburi ya 137 kwenye Jumapili ya nne ya Kwaresima mwaka B, wa pili katika ile mitatu ya Jumapili, inakatwa kabla ya kufika kwenye watoto wachanga wa Babeli wanaopigwa mwambani. Kanisa lenyewe linakata. Likate na hili.

Katekista mstaafu

Kukata nako kuna gharama yake. Wakorintho wa kwanza sura ya 11, mistari ya 27 hadi 32, onyo la kula mkate wa Bwana isivyostahili: Jumatatu ya juma la 24 mwaka wa pili somo linasimama mstari wa 26 na kurukia wa 33. Waumini wengi wanaokuja misa kila siku hawajawahi kulisikia onyo hilo likisomwa. Ukishazoea kupunguza yanayouma, utaishia wapi?

Mmoravian wa Rungwe

Bwana asifiwe. Nachungulia tu ya jirani. Sisi tuna neno la siku, desturi aliyoianzisha Zinzendorf, kiongozi wetu wa zamani, kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kitabu chake kinachapwa tangu 1731. Mstari wa Agano la Kale unapigiwa kura, kisha unatafutwa wa Agano Jipya uendane nao. Nilikuwa naringia sana hiyo kura, kwamba hakuna mchungaji anayechagua anachopenda. Lakini kura yenyewe inapigwa kwenye mistari iliyokwisha kuchambuliwa. Binti wa Yeftha hawezi kutoka humo na habari yake yote. Ninyi angalau mnaye, mnamnyamazia tu.

Mama Jumuiya

Ngoja niwaambie lililotokea kwetu. Jumuiya tunakutana jioni barazani kwa jirani, tunasoma masomo ya siku. Siku hiyo msomaji alipomaliza, mama mmoja mzee, kusoma hajui, akauliza: "Na mama yake alikuwa wapi?" Kimya. Mwenyekiti, mwanamume, akasema twende kwenye Injili. Yule mama hakukubali. "Mtoto kaomba miezi miwili kwa baba, kaenda milimani na wasichana wenzake, mama hatajwi. Alikufa? Alifungiwa jikoni?"

Nikafungua Biblia nimsomee upya, ndipo nikaona somo letu limeishia katikati ya mstari wa 39. Yanayofuata yameachwa nje: kwamba ikawa desturi binti za Israeli kwenda kila mwaka, siku nne, kumwombolezea binti wa Yeftha. Wanawake wale walikataa asahauliwe, na sisi tumeachia hapo hapo walipoanza kulia. Kwa hiyo, Msema hovyo, mimi sitaki lipunguzwe. Nataka lirefushwe mstari mmoja na nusu.

Msema hovyo

Mama, hapo umenishika. Lakini bado nauliza: yule bibi aliyezika jana?

Mama Jumuiya

Huyo bibi wa kwetu naye alishazika watatu. Ndiye aliyeuliza.

Kijana wa kwaya

Mimi nina neno la upande mwingine. Waebrania 11:32 inamtaja Yeftha kati ya mashujaa wa imani, sambamba na Daudi na Samweli. Na kitabu chenyewe cha Waamuzi kinasema Roho ya Bwana ilimjia kabla hajaapa. Mnamhukumu kuliko Biblia inavyomhukumu. Labda ndiyo maana waandishi wa tafakari wanaogopa: wakisema alikosea, watu wataanza kuzihoji ahadi za ujenzi na bahasha za mavuno. Nani atakubali hilo lianzie kwenye tafakari yake?

Mleta mada

Kijana, hapo ndipo penyewe. Kalenda inasema somo hili litarudi Alhamisi 19 Agosti 2027, na safari hiyo Mtakatifu Pius X hayupo wa kukimbilia. Katekista, utatuandikia ya kwetu? Mama Jumuiya aipitie kabla haijasambazwa.

Katekista mstaafu

Nitaandika. Ila nitaweka ya Waebrania pia, hata kama hamtaipenda.